Waridi na Jina Lake

Si maneno mengi katika ushairi wa Kiswahili yaliyotumika kwa wingi na kwa wepesi kama neno waridi. Mpenzi ni waridi, shavu lake ni waridi, pumzi yake yanukia waridi, na akiondoka bustani hukauka. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, likazoea pwani, likapata mti wake, mwaridi, na maji yake, marashi mawaridi, ambayo hutiwa katika mrashi na kunyunyiziwa wageni arusini na katika maulidi. Maji ya namna hiyo hutengenezwa hadi leo katika vijiji vya Al-Jabal al-Akhdar huko Oman, ambako maua huchumwa kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei. Kwa hivyo, kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, na pengine hata kwa baadhi ya watunzi, waridi lilitangulia kuwa harufu ndani ya chupa na sauti ndani ya ubeti kabla ya kuwa ua lililoonekana kwa macho. Swali linalozuka hapa ni dogo, lakini lina uzito wake: mtu aliyelijua waridi kwa njia hiyo maisha yake yote, siku anapoketi mbele ya ua lenyewe na kutaka kulichora, huona nini?

Tajriba inayosimuliwa ni ya mwanamke mmoja wa Naivasha aliyefundisha Kiswahili na fasihi katika shule za upili kwa miaka 30, akastaafu mwaka wa 2019. Katika muda huo wote aliwafunza wanafunzi wake kuitambua tashbihi, kuitenga na istiari, na kuifafanua jazanda. Mfano wake wa kwanza ubaoni haukubadilika mwaka hata mmoja: uso wake ni waridi. Wanafunzi waliandika "istiari" katika madaftari yao, naye akatia alama ya vyema kwa kalamu nyekundu na kuendelea na daftari lililofuata. Hakuna aliyeuliza waridi hilo lilikuwa la rangi gani, wala lilikuwa limefunguka kiasi gani. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Ikumbukwe kwamba Naivasha si mahali ambapo waridi ni kitu cha vitabuni. Kandokando ya ziwa, katika kimo cha takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, ambako jua ni kali na usiku una baridi, waridi hukuzwa ndani ya mabanda makubwa ya plastiki ambayo wafanyakazi huyaita grinihausi. Maua hukatwa yakiwa tumba, hupitishwa katika chumba cha baridi, hupangwa kwa urefu wa kikonyo, sentimita 40, 50, 60 na kuendelea, kisha hufungwa na kusafirishwa hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Sehemu kubwa huenda Uholanzi, na mengi yamepitia katika mnada mashuhuri wa Aalsmeer. Binti wa mwalimu huyu alikuwa mmoja wa wapangaji. Aliacha masomo ya chuo kikuu akiwa mwaka wa pili, akaenda kuajiriwa katika banda la kufungashia maua, naye mama yake alilipokea jambo hilo kama mtu anayerudishiwa mtihani uliojaa alama nyekundu. Hawakugombana. Walinyamaza tu, na kimya hicho kikadumu miaka sita. Kila Jumamosi binti alikuja nyumbani na fungu la maua yaliyokataliwa, akayatia katika ndoo karibu na mlango, akala, akaaga. Mama aliwagawia majirani.

Baada ya kustaafu, mwalimu alinunua katika duka la vitabu vikuukuu mjini Nakuru kitabu kilichochapishwa Ulaya, kilichofundisha uchoraji kwa rangi za mafuta. Sura moja ilihusu picha za vitu vilivyotulia mezani: matunda, vyungu, mkate, maua. Kwa kuwa ndoo ya maua ilikuwa pale pale mlangoni, alianza na waridi. Aliweka ua moja jekundu katika kikombe cha bati, akakaa mbele ya kitambaa chake, na kwa muda wa saa moja hivi akachora mzingo ndani ya mzingo, petali ikifuata petali mithili ya gamba la konokono, nyekundu tupu, na majani mawili ya kijani chini yake. Aliridhika. Jumamosi ilipofika, binti alisimama mbele ya picha huku mkoba ungali begani.

"Mama, hili ni la kwenye kadi," alisema.

Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililouma. Mwalimu aliitazama picha, kisha akalitazama ua katika kikombe, ambalo kwa siku tatu lilikuwa limefunguka na kuinama upande mmoja. Vitu hivyo viwili havikuhusiana. Alichokuwa amechora ni ile istiari ya ubaoni. Mkono wake ulikuwa umeandika neno waridi kwa rangi, bila kulihitaji ua kabisa. Lau angefumbwa macho angalitoa picha ile ile.

Mwaka wa 1917 mhakiki wa Kirusi Viktor Shklovsky alidai kwamba mazoea hula vitu, na kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni ili kihisiwe upya. Mwalimu aliifahamu hoja hiyo na aliweza kuieleza darasani. Jambo ambalo hakuwahi kulitarajia ni kwamba yeye mwenyewe angepatikana miongoni mwa walioliwa. Hapo ndipo alipotamka maneno ambayo kwa miaka sita hakuwa na njia ya kuyatamka: "Basi nionyeshe lilivyo."

Binti aliweka mkoba chini. Alitoa ua moja katika ndoo, na badala ya kulielekeza uso juu, aliligeuza chini juu. Alimwonyesha mama yake yale majani madogo matano yaliyolishika tumba kabla halijafunguka. Mawili yana ndevu kingo zote mbili, mawili hayana kabisa, na la tano lina ndevu upande mmoja tu. Huko Ulaya ya kale palikuwa na kitendawili kwa Kilatini kuhusu ndugu watano wa namna hiyo, na jibu lake lilikuwa waridi. Binti hakukijua kitendawili, lakini alilijua jibu kwa vidole. Kisha akazigusa petali za nje. "Hizi ni walinzi," alisema. "Zina michirizi ya kijani, tena huchubuka. Lakini ndizo zilizozilinda hizi za ndani." Akaendelea na shingo ya ua, mahali kikonyo kinapokutana na kichwa, akaeleza jinsi shingo dhaifu inavyojulikana mapema, hata kabla haijainama. Somo hilo lilichukua dakika kumi. Mwalimu, ambaye alikuwa amezoea kuwa upande wa pili wa meza, alisikiliza.

Kuanzia hapo uchoraji ukawa kazi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha lugha. Kiswahili kimeipa rangi moja jina la ua hili: rangi ya waridi. Binti alikuwa ameleta maua ya rangi hiyo, na mwalimu akafanya lile ambalo jina lilimwagiza: alichanganya nyekundu na nyeupe katika kibao chake, akapata rangi ya waridi, akaipaka kote. Ua lilitoka bapa kama kipande cha karatasi. Alipoweka kiganja juu ya jicho moja na kulikodolea kwa lile lingine, alianza kugundua kwamba katika waridi la rangi ya waridi, rangi ya waridi ni chache mno. Upande ulioelekea dirishani ulikuwa karibu na nyeupe, tena nyeupe yenye ubaridi wa samawati. Katikati, mahali petali zilipokumbatiana, palikuwa na joto la manjano na chungwa. Kwenye kivuli palikuwa na kijivu, na kijivu hicho hakikupatikana kwa kuongeza nyeusi, ambayo ililifanya ua lionekane chafu. Kilipatikana kwa kutia tone la kijani ndani ya nyekundu. Kwamba kivuli cha waridi hutengenezwa kwa rangi ya majani yake ni jambo ambalo hakuna ubeti uliomwambia. Jina lilikuwa limeifunika rangi kama kifuniko cha chungu.

Kikwazo cha pili kilikuwa cha umbo. Mwanafunzi wa uchoraji hutamani kuzihesabu petali na kuzichora moja baada ya nyingine, kama mwanafunzi wa fasihi anayeorodhesha tamathali za usemi akidhani amelihakiki shairi. Kitabu kilishauri vinginevyo: kuyakunja macho hadi petali zote zitoweke, libaki bakuli moja lenye upande wa mwanga na upande wa giza; kulichora bakuli hilo kwanza; kisha kuingiza petali chache tu, zile ambazo kingo zake zinakata nuru, na kuziacha nyingine zimezama. Mwalimu alikataa ushauri huo kwa majuma kadhaa. Aliona ni uvivu, hata udanganyifu. Alipoukubali hatimaye, kwa mara ya kwanza ua lilijaa na kuwa na tumbo na mgongo, na petali ambazo hakuzichora zikawa zinaonekana.

Kikwazo cha tatu kilikuwa cha nuru, na hiki kinastahili kutajwa kwa sababu kinaihusu pia taaluma ya uhakiki. Kitabu kiliagiza mchoraji akae karibu na dirisha linaloelekea kaskazini, kwa kuwa nuru ya upande huo haibadiliki na jua haliingii. Mwalimu alitii. Ilikuwa mwezi wa Juni. Kila siku jua liliingia kwa dirisha hilo hilo, likateleza juu ya meza, likapindua vivuli vyote na kuyafungua maua kwa haraka. Kwa muda alidhani kosa ni lake. Baadaye alitambua kwamba Naivasha iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, na kwamba baina ya Machi na Septemba jua la mahali hapo hupita upande wa kaskazini. Kanuni ya kitabu ilikuwa sahihi kabisa, chini ya jua la mwandishi wake. Alihamishia meza kwenye dirisha la kusini, akajua kwamba ifikapo Oktoba atalazimika kuirudisha. Wahakiki waliowahi kupokea nadharia iliyozaliwa chini ya jua jingine, wakalilaumu shairi kwa sababu vivuli havikuangukia mahali vilipotarajiwa, watalielewa jambo hili bila maelezo zaidi.

Lakini kikwazo kilichozidi vyote kilikuwa wakati. Picha za namna hii huitwa za vitu vilivyotulia, na waridi halitulii. Ua lililokatwa likiwa tumba huanza kufunguka mara tu litiwapo majini. Kinachochorwa asubuhi si kilichopo jioni. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 na ya 18, ambao ndio waliozifanya picha za maua kuwa fani yenye heshima, walilijua tatizo hili. Rachel Ruysch, aliyeishi kati ya mwaka wa 1664 na 1750, mama wa watoto kumi na mchoraji kwa zaidi ya miaka 60, aliyakusanya katika chombo kimoja maua ambayo katika bustani hayachanui kwa msimu mmoja. Jan van Huysum wa Amsterdam alichagua subira. Mojawapo ya picha zake zilizoko London ina tarehe mbili, 1736 na 1737, na katika barua ya mwaka wa 1742 alieleza kwamba kazi fulani haijakamilika kwa sababu amekosa waridi la manjano; hapana budi kungoja. Kuna kinaya katika historia hii. Nchi iliyowafunza walimwengu kulitazama waridi kwa mwaka mzima ndiyo ipokeayo sasa masanduku ya waridi kutoka Naivasha kila siku, mwaka mzima, bila mtu kungoja.

Mwalimu hakuweza kuungoja mwaka, ila aliweza kuingoja Jumamosi. Binti akaanza kukaa zaidi. Alivuta kiti, akawa anamchagulia mama yake maua na kuyasimamisha katika kikombe, akiyageuza kwa ncha za vidole hadi uso wa ua ukutane na nuru. Jioni moja mwalimu aliinua macho kutoka kwenye ua ili alilinganishe na picha, na badala ya ua akaiona mikono. Ilikuwa na mikwaruzo midogo ya miiba, mipya juu ya mikuukuu, na ilifanya kazi bila kusita.

"Ni maua mangapi hupita mikononi mwako kwa siku, mwanangu?"

"Maelfu, Mama."

"Na yote unayaangalia?"

"Nisipoyaangalia yatarudishwa."

Mwalimu hakujibu. Alirudi kwenye picha yake, lakini brashi haikugusa kitambaa kwa muda mrefu. Kwa miaka 30 alikuwa amewaambia vijana wa watu kwamba kusoma ni kutazama kwa makini, kisha akamsoma mtoto wake mwenyewe kwa neno moja, akalitia alama nyekundu na kuendelea na daftari lililofuata. Ilikuwa vigumu kulisema hilo kwa sauti. Alichosema ni hiki: "Nifundishe kuipata shingo. Kila nikiichora inasimama kama mti." Binti akasogeza kiti karibu.

Yafaa kutajwa hapa jambo moja kuhusu Vincent van Gogh. Mwezi wa Mei 1890, katika siku za mwisho za kukaa kwake katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, alichora picha mbili kubwa za waridi, ambazo leo moja iko Washington na nyingine New York. Maua hayo yalikuwa ya rangi ya waridi. Lakini wekundu alioutumia haukustahimili nuru. Ulififia kadiri miaka ilivyopita, na mtazamaji wa leo huyakuta maua yaliyo karibu na nyeupe. Mwalimu alipoisoma habari hii hakuona msiba. Lau waridi lingalikuwa rangi yake tu, picha hizo zingalikuwa zimekufa zamani, ilhali bado watu husimama mbele yake na hakuna anayeuliza ni maua gani. Uzito wa vichwa, mikunjo ya petali na namna matawi yanavyosukumana katika chombo vimebaki. Kilichoondoka ni kile ambacho jina lilikuwa limekitanguliza.

Picha iliyokubaliwa hatimaye ilichukua majuma matatu. Ina waridi tatu katika kile kikombe cha bati, juu ya kitambaa cha meza chenye doa la chai ambalo mwalimu aliamua kutolificha. Moja ni tumba. La pili limefunguka nusu. La katikati limefunguka kabisa, petali za walinzi zimelegea na kubadilika rangi pembezoni, na petali moja imeanguka karibu na mguu wa kikombe. Binti aliitazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile lile alitumialo kazini, akianzia kwenye kikonyo na kupanda hadi kichwani.

"Hili la kati lisingepita, Mama," alisema. "Limefunguka mno."

"Najua."

"Lakini shingo ni yenyewe." Kisha akainama karibu zaidi. "Hiyo petali ilianguka lini?"

"Jumanne. Ulikuwa kazini."

Picha hiyo haijaonyeshwa mahali popote, na haidaiwi hapa kuwa ni kazi kubwa ya sanaa. Imetundikwa katika chumba ambacho binti hulala siku za Jumamosi anapochelewa kuondoka. Umuhimu wake kwa mhakiki uko kwingine. Yapo maoni kwamba taswira zilizochakaa hazina tiba ila kutupwa, na kwamba mtunzi wa leo apigwe marufuku kulitaja waridi kama alivyopaswa kupigwa marufuku kuutaja mwezi. Tajriba ya mwalimu huyu yaelekea kuonyesha vingine. Ua halikuchakaa hata kidogo. Kilichochakaa ni tabia ya kulipita kwa kutosheka na jina lake, na tabia hiyo haiishii kwenye maua.

Hivi karibuni kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alimletea insha aisahihishe. Katika aya ya kwanza palikuwa na msichana ambaye uso wake ulikuwa waridi. Mwalimu alishika kalamu, akasita, akaiweka mezani.

"Waridi lipi?" aliuliza.

Kijana alimtazama bila kuelewa.

"Lililokatwa leo, au la juzi? Nuru inaliangukia upande gani?"

Kijana hakuwa na jibu. Mwalimu alimwelekeza kwenye ndoo karibu na mlango, akamwambia achague moja, akae nalo dirishani, na asiandike lolote kwa dakika kumi za kwanza.